Milimita Nane

Jumapili, saa nane mchana. Kuta zinatoka jasho.

Siku ya kumi sasa Guangzhou iko hivi. Unyevu umeingia mpaka kwenye mkate. Vigae vya sakafu vimelowa bila mtu kumwaga tone, soksi nilizofua Jumatano zinanuka uvundo, na kioo cha bafuni kimefunga ukungu hakinionyeshi uso wangu. Leo hilo silalamikii.

Chumba cha pili Zuhura anafungasha. Nasikia utepe wa gundi ukivutwa kwa urefu, halafu kimya kidogo, halafu unakatwa kwa meno, maana mkasi ninao mimi hapa mezani. Hajaja kuuomba. Sijampelekea.

Shajara, nimezoea kukuletea vichekesho. Mama muuza tambi anayeniita "bosi mweusi" kisha ananipunja nyama. Yule Mkenya wa mtaa wa Dengfeng anayeuza chaja za simu na kuombea wagonjwa kwenye kibanda hicho hicho. Leo sina kichekesho. Nina jambo nililolifanya Alhamisi, na nimekaa nalo siku tatu, na halitoki.

Kwa anayeingia kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: naitwa Pina, mtu wa Makete, kule ambako baridi inaunguza viazi shambani. Nilikuja huku China kwa ufadhili wa masomo, nikasoma uhandisi mitambo, na tangu mwaka jana niko kwenye karakana ya kiwanda kidogo nje ya mji kinachounganisha pikipiki za theluji. Ndiyo, theluji, katika mji ambao theluji niliyoiona ni ile ya kwenye friza. Pikipiki hizi hazina magurudumu. Mbele zina mbao mbili za kuteleza, nyuma zina mkanda mpana wa mpira unaozunguka kama wa katapila, na mkanda huo una meno ya mpira yanayochimba theluji. Tunaziunganisha tumevaa singlendi, jasho linatudondoka kwenye spana, kisha zinapanda meli kwenda kwa watu wanaozihitaji.

Zuhura ni wa Tanga. Tulisoma darasa moja, tumepanga nyumba moja, tukachukuliwa kazini siku moja kwa majaribio. Nimemzidi miaka mitatu, kwa hiyo ananiita dada Pina hata akiwa amenikasirikia. Ndiye msomaji wa kwanza wa blogu hii. Kila nikichapisha, kabla sijaweka simu chini, ameshaandika "Wa kwanza!" kwenye maoni. Huwa anaandika kabla ya kusoma. Nimemkemea mara nyingi, anacheka.

Mwezi uliopita laoban, yaani bosi wetu, alituita wote wawili ofisini. Alikuwa anamenya chungwa. Akasema nafasi ya kudumu ni moja. Atakayeipata atapata mkataba, na mkataba ndio unaoleta kibali cha kuishi. Atakayeikosa, kibali chake kinaisha mwisho wa mwezi huu na ndege za kwenda Afrika zipo kila siku. Akala kipande cha chungwa, hakutukaribisha.

Zuhura aliacha kazi ya kufundisha chuo cha ufundi ili aje kusoma huku. Nafasi yake walishaiziba. Nilikuwa najua. Naliandika hili mapema ili huko mbele nisije kujifanya sikujua.

Na nilikuwa najua nani atachaguliwa. Zuhura ana mikono. Akigusa beringi iliyochoka anajua kabla haijalia. Akifunga nati, imefungwa. Mimi nikifunga nati, mtu hupita nyuma yangu kuhakikisha, na mtu huyo mara nyingi ni Zuhura, anapita kimyakimya nisimwone, kunistahi. Nilimwona kila mara.

Mimi nina mdomo. Kichina changu kinapita popote, cha kwake kinaishia kwenye maagizo ya kawaida. Shifu, fundi wetu mkuu, anaongea kwa lafudhi nzito ya kijijini kwao, na anameza nusu ya maneno. Hapo Zuhura hunigeukia. Mwaka mzima nimekuwa masikio yake.

Sasa Shifu na vipimo vyake. Kabla ya pikipiki mzee huyu alikuwa seremala, na mpaka leo anapima kwa cun, wanatamka tsun. Ukimuuliza muuza simu yeyote wa Dengfeng atakwambia cun ni inchi. Simu ya cun sita, televisheni ya cun hamsini. Lakini cun ya Shifu ni ile ya zamani, ya rula yake ya mwanzi iliyosuguliwa mpaka imekuwa nyeusi, na hiyo inaizidi inchi kwa milimita nane. Sisi mafundi wa kwetu tumekuzwa na inchi: inchi za bomba, za misumari, za mbao. Mchina akisema cun kichwa kinasikia inchi, na wala hakiulizi.

Mimi niliingia mtego huo wiki yangu ya kwanza. Nilikata mipira kumi na miwili ya rejeta, yote mifupi. Shifu hakunichongea. Aliisukuma ile mipira chini ya benchi kwa mguu, akatoa rula yake, akailaza pembeni ya rula yangu ya chuma, akanionyesha kwa ukucha: hii hapa, na hii hapa. Akacheka mpaka akakohoa. Laoban hajui mpaka leo.

Sikumwambia Zuhura. Mwanzoni ilikuwa aibu tu. Baadaye ikawa kitu ambacho mimi ninacho na yeye hana, nami nilikuwa na vitu vichache sana vya namna hiyo.

Alhamisi, basi.

Msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou umeanza, wanunuzi wamejaa mjini. Mmoja wao, mzee wa nchi za kaskazini, alitaka kuona pikipiki ya theluji nene, na pikipiki ya theluji nene inataka mkanda wenye meno marefu. Yetu ilikuwa na meno mafupi. Laoban akasema mkanda ubadilishwe siku hiyo hiyo, mgeni atakuja Ijumaa asubuhi. Kazi akampa Zuhura. Mimi nikapewa tochi na kutafsiri. Hakuna aliyesema kwamba huo ndio mtihani, na hakuna ambaye hakujua.

Nilimwangalia akifanya kazi nusu siku. Aliinua nyuma kwa jeki, akatoa fremu ya chini yenye springi, akamwaga oili ya kasha la cheni, akachomoa shafti, akautoa mkanda wa zamani mzimamzima. Ule mpya ulikuwa mzito na mgumu, umejikunja hautaki kunyooka. Kijua kilipochungulia aliuweka nje dakika ishirini ulainike, jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Akatafuta mshale unaoonyesha upande wa kuzunguka, akaupapasa kwa kidole gumba, akatabasamu peke yake. Nilimchukia kwa tabasamu lile. Lilikuwa la mtu aliye nyumbani kwake.

Shifu alipita mara moja. Akainama, akachungulia mbele kabisa ya mkanda, pale rejeta ilipojibanza chini ya bati linaloufunika mkanda. Akasema kati ya ncha za meno na rejeta ibaki cun moja, isipungue, kwa sababu kesho laoban atauzungusha ukiwa hewani, na mkanda ukizunguka bila kugusa chini huvimba. Nilimtafsiria Zuhura yote hayo vizuri. Cun nikaiacha kama ilivyo, cun. Shifu akaondoka.

Zuhura akaingiza futi, akapima. Milimita ishirini na sita. Shafti ilikuwa na sproketi, yaani vigurudumu vinavyouzungusha mkanda, za meno nane. Kwenye benchi kulikuwa na boksi la sproketi za meno saba, ndogo, ambazo zingeusogeza mkanda mbali na rejeta. Kuzibadilisha ni kufumua tena, saa mbili nyingine chini ya lile bati. Zuhura akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Dada Pina, cun si ndo inchi?"

Nilikuwa nimeshika tochi. Nataka kuandika kwamba nilichoka, kwamba sikusikia vizuri, kwamba neno lilinitoka. Haikuwa hivyo. Nilisikia swali, nikaiona rula ya mwanzi kichwani, nikauona ukucha wa Shifu, nikapata muda wa kutosha wa kuchagua.

"Ee," nikasema. "Inchi."

"Basi imepita. Afadhali, mgongo umekufa."

"Funga," nikamwambia.

Akafunga. Kwenye treni tukirudi alinisinzia begani kuanzia kituo cha kwanza, mkono wake una alama ya grisi hadi kwenye kiwiko. Nilikaa wima nisimwamshe. Watu wangetuona wangesema ndugu hao.

Ijumaa mgeni alifika na laoban, nyuma yao vijana wa mauzo na simu zao tayari kurekodi. Pikipiki ilikuwa imeinuliwa nyuma kwa stendi. Laoban alipanda mwenyewe, anapenda kuonekana. Akawasha, akapiga resi kidogo, mkanda ukazunguka vizuri, mgeni akatikisa kichwa kukubali. Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu, amenishika kidole kimoja. Laoban akabana resi yote.

Mkanda ulivimba. Meno yaliigonga rejeta kwa mlio ambao bado ninao masikioni, takatakataka, halafu bati likalia, halafu maji ya kijani yakaruka kutoka chini yakamwagikia viatu vya mgeni na suruali nyeupe ya laoban. Moshi wa maji moto ukajaa karakana.

Nilifurahi.

Ni sekunde moja au mbili, lakini nilifurahi, na kidole changu kilikuwa bado mkononi mwake.

Laoban hakupiga kelele mpaka mgeni aliposindikizwa kwenda kunawa. Kisha akamwita Zuhura katikati ya karakana, akaniita na mimi. Akaniambia, mtafsirie, asikose hata neno. Mwambie mikono yake inafaa kuchambua mchele. Mwambie amenivua nguo mbele ya mteja. Mwambie arudi kwao akatengeneze mikokoteni, kama huko wanayo mikokoteni. Watu zaidi ya ishirini wamesimama wanatazama, wengine bado wanarekodi.

Nilitafsiri. Sikupunguza makali, sikuruka hata "kama wanayo". Alhamisi nilishindwa kutafsiri neno moja, Ijumaa nilitafsiri yote kwa uaminifu kabisa.

Zuhura alinisikiliza akinitazama machoni. Alipoona nimemaliza akasema, "Mwambie samahani. Mwambie nimepima mwenyewe."

Nilikuwa nimeshatayarisha jibu. Tangu usiku wa Alhamisi nilikuwa nalo: kwamba nilimwambia cun, kwamba hakunielewa, kwamba Kiswahili chake cha pwani na changu cha bara vinapishana. Uongo wa kijinga, lakini pale ndani nani angeubishia? Katika jengo zima Kiswahili tunakijua wawili. Nikasubiri aseme, dada Pina ndiye aliyeniambia. Hakusema. Jibu langu likabaki mdomoni limeoza.

Laoban akaamuru autoe mkanda peke yake na mtu yeyote asimguse. Ilikuwa saa ya chakula. Wote tukaenda kula, na kutoka mezani unaona vizuri miguu yake ikitokeza chini ya mashine na maji ya kijani yakimdondokea kifuani. Kulikuwa na wali na bata. Nilikula nikamaliza. Nikaongeza mchuzi.

Shifu hakula. Alikwenda akachuchumaa karibu yake bila kumsaidia, kwa kuwa amri ni amri, akatoa ile rula ya mwanzi. Nikamwona akiilaza pembeni ya futi ya Zuhura na kuonyesha kwa ukucha. Hakucheka safari hii.

Kisha akaja kwangu, nikiwa nasuuza bakuli. Akaniuliza kwa Kichina cha polepole, kile anachowatumia wateja: jana ulimwambia cun ya kwangu ni ipi?

"Nilimwambia," nikasema.

Akafuta rula kwa kitambaa, akairudisha mfukoni. "Lugha yenu siijui," akasema, akaondoka. Tangu hapo hajaniita kwa jina.

Ningeweza kuishia hapa na ubaya ungetosha. Lakini kuna la kwenye treni.

Ijumaa jioni tumekaa pamoja kama kawaida, nguo zake zimekauka na zina madoa ya kijani. Nilikuwa nasubiri anitukane. Badala yake akanigeukia, ana jambo la kunieleza, macho yamevimba lakini ana ile hamu yake ya ualimu. "Kumbe dada, cun ya Shifu siyo inchi! Mzee ana cun yake ya kizamani. Tizama." Akatenganisha vidole viwili. "Hii inchi." Akavipanua kidogo. "Hii yake. Milimita nane! Sasa sisi tungejuaje?"

Nikatoa macho. Nikasema, "Wee!" Nikaweka mkono mdomoni. Nikamwachia anifundishe kwa vidole vyake vilivyochubuka kitu ninachokijua tangu mwaka jana, nikauliza na swali moja ili anielezee zaidi.

"Usijilaumu," akaniambia. "Wewe ulijibu ulichokijua. Mimi ndiye mwenye futi."

Mpaka tunashuka alikuwa ananipapasa mgongo.

Jana laoban aliniita. Mkataba ninao hapa, kurasa nne, karatasi imeanza kujikunja kwa huu unyevu. Kesho saa tatu asubuhi niupeleke umesainiwa. Akasema pia Zuhura asirudi, vitu vyake atatumiwa. Nilipompa Zuhura habari, alilia kwanza, akajifuta, kisha akanipongeza. Akapika pilau ya kunipongeza. Bizari aliyotumia ni ile aliyoletewa kutoka kwao, aliyokuwa anaipima kwa kijiko cha chai iishe pole pole. Alimimina yote. Akasema anarudi kulikojaa bizari, ya nini kuibeba.

Nimejiuliza sababu. Ningekuwa na mama mgonjwa ningemtaja hapa. Sina. Mama yangu ni mzima, analima, anaimba kwaya. Nilimwonea Zuhura wivu kwa sababu ya mikono yake, basi, na siku alipohitaji masikio nilimpa mabovu. Kibali chenyewe nilikitaka, ndiyo, lakini nadhani hata bila kibali ningemjibu vilevile. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Naweza kutoka sasa hivi, hatua sita, nigonge mlango wake. Nimesimama mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kunywa maji. Mara ya pili niliokota huu mkasi, nikarudi nikakaa nao.

Kwa hiyo nimeandika. Nimeandika kwa Kiswahili, ambacho laoban hakijui, ila simu yoyote siku hizi inatafsiri, na Shifu ana simu. Zuhura ana muda kuanzia sasa mpaka kesho saa tatu. Ukurasa huu anaweza kuupeleka popote anapotaka. Na naona vizuri ninachofanya: hata kazi ya kunisema nimemwachia yeye, mimi nimeshika tochi tu.

Mkataba sijausaini. Sijauchana pia.

Nikibonyeza hapa chini simu yake italia upande wa pili wa ukuta, nitaisikia. Atauacha utepe wa gundi. Ataandika "Wa kwanza!", maana ndiyo tabia yake, bado hajasoma hata mstari mmoja.

Halafu atasoma.